Nilivyomsomea Baba Bahari

Watu wakiniuliza nilianza lini kupenda kompyuta, hukasirika kidogo, kwa sababu sikuwahi kupenda kompyuta. Ile ya ofisini kwetu ilikuwa sanduku la rangi ya chai iliyopoa, lenye joto la bure na kelele za bure, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kulipangusa vumbi. Nilichopenda ni maandishi yaliyokuja ndani yake kutoka ng'ambo. Hayo nayapenda mpaka leo, na nikianza kuyasimulia nasahau sufuria jikoni.

Ilikuwa miaka ya tisini, kuelekea mwisho. Nilikuwa karani katika ofisi ndogo ya utafiti upande wa pili wa mji. Bosi wangu alikuwa mama mmoja mtafiti tuliyemwita Daktari tu, mkali kama hajanywa chai na mcheshi akishakunywa. Kazi yake ilikuwa kulinganisha mvua za Ukambani na joto la maji ya Bahari ya Hindi. Siku yangu ya kwanza alinieleza kwamba maji ya upande wetu wa bahari yakipata joto kupita kawaida, mvua ya vuli bara huwa kubwa. Mimi ni mtoto wa mtaa wa Ziwani, Nairobi, bahari nilikuwa nimeiona kwenye kalenda tu, basi nikaitikia kwa heshima huku nikidhani ananitania.

Vipimo vyenyewe vilikaa kwenye seva, yaani kompyuta kubwa ya wanasayansi, katika nchi ambayo kwao ilikuwa usiku sisi tukiwa kazini. Tuliifikia kwa laini ya simu. Modemu, kile kidude cha kuunganisha kompyuta na simu, ililia, ikakoroma, ikanyamaza, na ukiwa na bahati laini ilishika. Nilitarajia picha au ramani za rangi rangi. Kumbe yakateremka maneno, mstari baada ya mstari, Kiingereza cha mkato ambacho mtu yeyote aliyemaliza shule angekisoma bila mkalimani.

Na lo, ile seva ilikuwa na adabu! Kabla ya kukupa namba hata moja, ilijieleza. Uliomba ukurasa wa kwanza, ikakuambia ina nini na kimepangwaje: hapa kuna joto la maji ya juu ya bahari, limepangwa kwa siku, halafu kutoka kaskazini kwenda kusini, halafu kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukiomba ukurasa wa pili ikakueleza maana. Joto hili ni nyuzi za selsiasi. Limetokana na meli, maboya na setilaiti. Na pale ambapo sina kipimo nimeweka namba hii moja isiyowezekana, usije ukadhani ni joto la maji. Baada ya hapo ndipo ilipouliza, kwa namna yake, unataka kipande gani cha bahari na cha siku zipi, ikakikata hicho hicho na kukuletea.

Niliduwaa. Mimi nimekulia Nairobi, nimepanga foleni kwenye madirisha mengi ya ofisi, na sijawahi kumsikia mtu nyuma ya dirisha akisema, "Hili mimi silijui." Wote wanajua, halafu wanakuambia urudi kesho. Na hapa kulikuwa na mashine isiyonijua, isiyouliza natoka wapi wala nimetumwa na nani, inaniambia ilicho nacho na isicho nacho. Siku ile nilirudi nyumbani nikiwa nimejaa furaha ambayo sikuwa na mtu wa kumwambia isipokuwa Baba.

Baba alikuwa dereva wa lori la kanju, baraza la jiji, na nyumba yetu ya Ziwani ilikuwa ya kazi. Mwisho wa mwaka ule angestaafu, na siku ya kustaafu ndiyo siku ya kurudisha ufunguo. Hakuwa na nyumba nyingine. Kule nyumbani Ukambani kulikuwa na kibanda cha udongo kilichoinama upande mmoja, Mama akiishi humo, na nje yake matofali mabichi ambayo yeye na Baba walikuwa wameyafyatua kila likizo kwa miaka mingi. Safari hii yalikuwa yametosha nyumba nzima. Yalikuwa yamefunikwa nyasi, yakisubiri moto.

Kwetu, tanuri la matofali halichomwi na mtu mmoja. Huchomwa kwa mwethya, kazi ya pamoja: wengine hupanga matofali, wengine hukata kuni, wengine huchochea moto kwa zamu mpaka yaive, na wanawake hupika kwa ajili ya wote. Watu wetu waliofanya kazi Nairobi walikuwa na desturi ya kwenda nyumbani pamoja wakati wa sikukuu ya Oktoba, na kazi zote kubwa za familia ziliwekwa hapo. Tanuri la Baba lilikuwa limewekwa hapo pia. Kwa kawaida vuli yetu hungoja mpaka Novemba ikaribie, kwa hiyo nafasi ilikuwepo, ingawa nyembamba. Tofali bichi likinyeshewa kabla ya moto hurudi kuwa udongo. Baba alilijua hilo vizuri, na kila jioni alinisubiri mlangoni na swali lile lile.

"Mwaitu, bahari yenu inasemaje?"

Mwaitu ni mama kwa Kikamba. Nimepewa jina la mama yake Baba, kwa hiyo tangu nikiwa mchanga ananiita mama, na akiniita hivyo siwezi kumjibu ovyo.

Nilimjibu nilichoambiwa ofisini: bahari ni ya kawaida. Redio ilikuwa imeshatangaza mvua kubwa, lakini redio ilitangaza hivyo hivyo wakati mwingine tukaishia kula vumbi, na Baba aliniamini mimi kuliko redio. "Basi tuna nafasi," alisema, akaenda zake kucheza drafti.

Sasa nieleze kosa lilikuwa wapi, kwa maana ni kosa la watu wa data tu, fundi wa viatu hawezi kulifanya. Seva haikuandika tarehe tunavyoandika sisi. Mahali pa tarehe iliweka namba ndefu: siku zilizopita tangu siku fulani ya zamani. Siku hiyo ya kuanzia hesabu imeandikwa kwenye ukurasa wa pili, ule wa maana. Lakini ofisini karatasi za printa zilikuwa adimu na sisi tulijiona wajuzi, kwa hiyo namba zikishachapishwa tulizing'oa zile kurasa za maelezo na kuzitupa kwenye katoni. Ya nini, na tulishazisoma? Ukutani palikuwa na kadi aliyoiandika Daktari ya kugeuza tarehe kuwa hesabu ya siku ya kuiombea seva, na wote tuliitegemea. Kadi ile ilitengenezwa kwa ajili ya seva ya zamani. Ile ya zamani ilikuwa imefungwa, tukahamia hii mpya, kadi ikabaki ukutani.

Mimi nilizionea huruma kurasa zile. Nilizitoa kwenye katoni nikazipeleka nyumbani, na mwisho wa wiki, nguo zikiwa zimeanikwa, nilikaa mlangoni nikazisoma kwa raha tu, kama wengine wanavyosoma barua za mapenzi. Jirani mmoja alinicheka, akaniuliza kama nimeokoka, maana kusoma vile ilikuwa kwa Biblia. Nilimwambia atoke kwenye mwanga wangu.

Jumamosi hiyo nikafika kwenye mstari wa siku. Ulisema wazi, bila kujificha: hesabu yangu inaanzia siku ya kwanza ya mwaka fulani. Nikaupita. Halafu nikarudi. Mwaka ule haukuwa wa kadi yetu. Seva hii ilianza kuhesabu mwaka mmoja kabla.

Nilichukua kalamu nikapiga hesabu nyuma ya karatasi. Nikapiga tena. Namba tulizoziita za mwaka huu zilikuwa za mwaka uliopita. Bahari tuliyoitazama na kusema ni ya kawaida ilikuwa bahari iliyokwisha zamani, na ile ya sasa hatukuwa tumeiona kabisa. Na Baba alikuwa pale uwanjani anacheza drafti, ametulia kwa sababu yangu.

Woi! Nilivaa viatu bila soksi. Daktari alikaa mtaa wa Buruburu, simu ya mkononi ilikuwa kitu cha matajiri, basi nikashika Jogoo Road kwa miguu, nikakatiza mtaa wa Jericho katikati ya soko bila kumsalimu mtu, karatasi nimeikunja ndani ya blauzi. Nilimkuta amefunga kitambaa kichwani, anaosha zulia uani.

"Wewe! Nani amekufa?" aliuliza.

"Hakuna, Daktari. Ni kadi ya ukutani."

Alipangusa mikono kwenye leso, akaisoma karatasi amesimama. Niliona midomo yake ikihesabu. Nilidhani angenikaripia, maana wakubwa huwa wanatukaripia sisi kwa makosa yao. Badala yake aliketi juu ya ndoo aliyoigeuza, akaniangalia, akaangalia karatasi, akaangua kicheko kisicho na furaha.

"Imeandikwa hapa," alisema. "Ilituambia. Tulikuwa tunaing'oa na kuitupa kwa mikono yetu wenyewe."

Jumatatu tulikuwa ofisini kabla ya mfagiaji. Laini ikakatika, ikashika, ikakatika tena, nikaitukana modemu kwa lugha mbili, kisha ikashika na kukaa. Tuliomba maelezo kwanza, tukayasoma yote, neno kwa neno, Daktari akifuata kwa kidole kwenye skrini. Halafu tukaomba maji ya kuanzia pwani yetu kwenda mashariki, siku za karibuni kabisa ilizokuwa nazo.

Namba zikaanza kushuka. Sijui nitalielezaje hili kwa mtu ambaye hajaliona. Kila namba ilikuwa pahali. Mstari mmoja ulikuwa ukanda wa maji kutoka mlangoni mwa Mombasa mpaka visiwa vya mbali huko Asia, na nilikuwa nausoma kutoka kushoto kwenda kulia, nimekaa kwenye kiti cha mguu mbovu, Nairobi. Pale palipokuwa na nchi kavu seva iliweka ile namba yake isiyowezekana, na kwa hizo namba ukaweza kuiona pwani ya Afrika imejichora yenyewe, bila picha, kwa mahali ambapo bahari haipo. Nywele zilinisimama.

Daktari aliweka kando yake karatasi ya wastani wa miaka mingi, tukalinganisha. Upande wetu maji yalikuwa ya moto kupita kawaida, mstari baada ya mstari. Upande wa Asia yalikuwa ya baridi kuliko kawaida. Daktari alikuwa amesoma bahari maisha yake yote na sasa alikuwa ameweka mkono mdomoni kama mtu aliyeona mgeni wa ajabu mlangoni.

"Sijawahi kuiona hivi," alisema mwishowe. "Imejipindua, joto la kule limehamia kwetu." Aliwapigia simu wenzake wa hali ya hewa kuwapa habari, wakamwambia hiyo ndiyo habari wanayoitangaza redioni mwezi mzima. Akakata simu polepole. Alinyanyuka, akaibandua ile kadi, akaichana.

"Daktari," nikamwambia, "matofali ya baba yangu."

Nilimweleza yote, ufunguo na tanuri na sikukuu ya Oktoba. Alinisikiliza vizuri. Akasema hawezi kuniapia. Bahari ya moto inaongeza uwezekano wa mvua kubwa na ya mapema, lakini hakuna namba hata moja kwenye zile karatasi inayosema itanyesha kwenye uwanja wa mzee, siku hii au ile. "Mwambie hivyo hivyo," alisema. "Mwambie tunachojua na tusichokijua." Kisha akanipa likizo ambayo sikuwa nimeomba.

Jioni nilimkuta Baba mlangoni. Nilimwambia nilikosea, bahari niliyompa ilikuwa ya mwaka jana. Alinipa mgongo. Nikadhani amekasirika, na angekuwa na haki. Aliingia ndani, akavuta kiti chake karibu na dirisha, akaniambia, "Nisomee."

"Ni namba tu, Baba."

"Nisomee vile ilivyokuja."

Basi nikamsomea. Nilianza na maelezo, nikiyageuza Kiswahili: hili ni joto la maji, limepimwa hivi, siku zinahesabiwa tangu siku hii, na mahali nisipojua nimeandika hivi. Aliniinulia mkono nisimame hapo.

"Hiyo mashine inasema isipojua?"

"Inasema."

"Ehe. Endelea."

Nikasoma namba. Ishirini na tisa na nukta, ishirini na tisa na nukta, thelathini. Baada ya kila mstari nilimwambia hapo tuko karibu na Lamu, hapo tumeshaondoka pwani, hapo ni maji matupu hakuna kisiwa. Alifumba macho. Baba aliendesha lori katika mji huu mpaka mgongo ukapinda, na hakuwahi kufika Mombasa. Sasa alikuwa anavuka bahari kutoka chumba kimoja cha Ziwani, na uso wake ulikuwa umefunguka kwa namna ambayo sikuwahi kuiona hata kanisani.

"Ni kubwa," alisema.

"Ni kubwa sana, Baba. Lakini sina hakika. Daktari pia hana. Unaweza kuchoma mapema na mvua isije mpaka Novemba, ukawa umewakosea watu bure."

"Na nikingoja?"

Nilimpa zile karatasi mkononi.

Jumapili baada ya kanisa watu wetu walikutana Jericho, kwenye kibanda cha chai nyuma ya soko, kama kawaida yao. Baba alisimama, kofia mkononi, akaomba mwethya ufanywe mapema, kabla ya sikukuu. Kwanza walidhani anatania. Akasema bahari imepata joto. Kijana mmoja akauliza, "Niaje mzee, umeenda Mombasa lini?" na kibanda kizima kikacheka. Mwenyekiti wao alikuwa mpole, lakini alisema watu wana kazi, ruhusa zimeshaombwa za sikukuu, na mtu anayeruka mwethya wake anawaambia wenzake hawahitaji. Baba alijua uzito wa neno hilo. Angezeeka kati ya watu hao, wangemzika watu hao.

"Siwaruki," alisema. "Nawaomba. Msipoweza, nitachoma na mke wangu na binti yangu, na sikukuu nitawachinjia mbuzi vile vile."

Hakuna aliyesimama. Niliwakasirikia mpaka masikio yakawaka moto. Siwakasirikii tena, kwa kuwa wengine pale walikuwa na matofali yao nyumbani, na walichopoteza mwezi ule kinatosha.

Tulikwenda Ukambani tukachoma wenyewe. Nasema tulichoma, lakini Mungu ndiye anajua tulivyochoma. Mama alikuwa ameshaanza kupanga kabla hatujafika, tangu apate ujumbe, na majirani wachache walipita kutushangaa wakabaki kutusaidia. Tulijenga tanuri refu kunizidi, tukaacha midomo chini ya kuingizia kuni, tukalikandika udongo nje yote. Baba akawasha. Tulichochea kwa zamu, watatu sisi na wale majirani, tukalala tulipoangukia, mikono ikitoka malengelenge, macho mekundu kwa moshi. Na anga lilikuwa safi. Hilo ndilo lililoniua. Kila asubuhi niliangalia juu, nikaona bluu tupu bila hata wingu la kudanganyia, nikafikiri nimemtenganisha baba yangu na watu wake kwa ajili ya karatasi za printa. Mama alinipa uji kwanza kabla ya wengine.

Upepo uligeuka alasiri tukiziba midomo ya mwisho ya tanuri. Ulitoka mashariki, mzito, wenye ubaridi, na nyuma yake mawingu yakapanda mpaka kuku wakaingia ndani. Niliziba mdomo wa tanuri uliokuwa upande wangu kwa udongo wa mikono yote miwili. Mama akaanza kuomba kwa sauti. Mvua haikuanza kwa manyunyu, ilishuka yote kwa mara moja, na ilipogonga tanuri mvuke ukaruka juu na ukandiko ukapasuka hapa na pale, lakini ndani moto ulikuwa umeshakula vya kutosha, na kuta zikakaa.

Nilikimbilia chini ya paa la jiko nikamwita Baba. Hakuja. Alikuwa amesimama kati ya kibanda kilichoinama na tanuri, shati limemganda mgongoni, amekinga viganja viwili, anatazama maji yakijaa na kumwagika.

"Mwaitu!" aliita. "Njoo uyashike. Ni yale uliyonisomea. Yamefika."

Nikatoka nikasimama kando yake, nikakinga mikono. Nililia waziwazi, sikuona haya. Nyuma yetu, ndani ya ule mvuke, nyumba yake ilikuwa inaiva.